Ndege Chini ya Mnazi: Aokotwe au Aachwe?

Mvua za masika zikishika Mombasa, swali moja hurudi katika kila nyumba yenye bustani. Ndege yuko chini kwenye nyasi. Haruki, hakimbii, anakutazama tu. Mwenye huruma anataka kumwingiza ndani, mwenye haraka anasema hiyo ni kazi ya Mungu tuiache, na paka wa jirani yuko juu ya ukuta akingoja mabishano yaishe. Nimewaketisha barazani watu watano wa kubuni, kila mmoja na jicho lake: mama mwenye nyumba, mzee anayemtunzia bustani, daktari wa mifugo, kijana anayewatembeza wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke kuwaonyesha ndege, na maalim wa madrasa ya mtaani. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MAMA: Mimi siwezi kumwona kiumbe yuko chini nikampita nikaenda kunywa chai. Juzi alikuwa shore, kichwa cheusi, chini ya mkia ameanza kupiga njano, mkia wenyewe kipande. Nikamwokota, nikamtia kwenye boksi la viatu, nikamlowekea mkate kwenye maziwa. Asubuhi nikamkuta amekufa. Sasa mtu ananiambia ningemwacha. Kumwacha nako si kumuua?

DAKTARI: Usinikasirikie, Mama. Maziwa si chakula cha ndege. Tumbo lake haliwezi kuivunja sukari ya maziwa, humwendesha, na kiumbe mwenye uzito wa barua akiharisha hukaukiwa maji upesi. Mkate humjaza bila kumlisha, maana kinda wa shore hulelewa kwa wadudu na matunda laini. Lakini vyote hivyo huua polepole, na wako amekufa usiku mmoja. Ulimnywesha kwa kutumia nini?

MAMA: Kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe. Nilidhani huo ndio utaalamu.

DAKTARI: Siku moja mfungue kuku mdomo utazame. Nyuma tu ya ulimi utaona tundu linalofunguka na kujifunga. Hiyo ndiyo njia ya pumzi. Sisi tunapomeza tuna kifuniko kinachoifunika, ndege hana. Ukimtilia maji kwa nguvu yanakwenda mapafuni, anazama akiwa mkononi mwako. Ndege aliyezubaa haleti kiu kwako. Asipewe kitu mdomoni mpaka ijulikane ana nini.

MZEE: Mimi ningekuwapo wala asingeokotwa. Yule hakuwa mgonjwa, Mama. Hakuanguka, alishuka.

MAMA: Alishuka aende wapi na hajui kuruka?

MZEE: Ndivyo walivyo. Shore hukaa kiotani wiki mbili hivi, hazitimii, halafu hutoka. Mabawa bado. Basi siku kadhaa yuko chini ya kilua, chini ya asumini, anarukaruka, na wazazi wanamletea panzi. Ukisimama pale pale na khanga yako inapepea, hawaji. Ingia ndani ukae nyuma ya pazia, utamwona mama yake anashuka na kitu mdomoni.

KIJANA: Mzee amesema yote, mimi naongeza macho tu. Tazama manyoya kabla ya kumhurumia. Kinda aliye uchi, au mwenye vijiti vya manyoya ambavyo havijachanua, au asiyefumbua macho, huyo ameanguka kweli. Aliyefunikwa manyoya mwilini, mkia mfupi, pembe za mdomo bado njano, na akikanyaga kidole chako anakishika, huyo yuko katika umri wake wa kuwa chini. Katika ndege wadogo wa bustani, wanaookotwa bila sababu ni wa kundi hili la pili.

MAMA: Nikishamgusa lakini yamekwisha. Bibi yangu alituambia ukimshika kinda, mama yake hunusa mkono wa binadamu akamkataa.

KIJANA: Shore humjua mwanawe kwa sauti na kwa mahali alipomwacha, hamtafuti kwa pua. Ukimrudisha kichakani akalia, watamjia. Hata wale wanaowavisha ndege pete miguuni huwatoa makinda viotani, huwapima, huwarudisha, na wazazi huendelea kulisha.

MIMI: Namtetea bibi. Uwongo wake ulizuia mikono ya wajukuu isiingie kwenye viota, na sidhani kama angefanikiwa kwa kuwaeleza watoto wa miaka 6 habari za pua za ndege. Ubaya wake ni kwamba umebaki vichwani mwetu hadi leo, na mtu mzima aliyekwisha kumshika kinda anaona hana tena pa kumrudisha isipokuwa jikoni kwake.

MAMA: Haya, na yule aliye uchi?

MZEE: Huyo mrudishe kiotani, ukikiona na ukikifikia. Kiota kikiwa kimeharibika, chukua pakacha dogo, tia majani makavu, litundike kwenye mti ule ule, pale pale kwenye kivuli. Mnana nyumba yake ikiangushwa na upepo na bado nzima, ifunge kwa uzi tawini ilipokuwa. Mimi nimewaona wanarudi.

DAKTARI: Pakacha ni bora kuliko bakuli la plastiki, maji ya mvua hayasimami ndani. Na kabla hujamtia mshike kwanza kwenye kiganja mpaka apate joto. Kinda wa baridi hafungui mdomo, na mzazi akileta chakula akaona mdomo haufunguki, humpitia mwingine.

MAMA: Mmesahau paka.

MZEE: Wako.

MAMA: Wangu, na wa jirani, na wale wa sokoni wasio na mtu. Mnaniambia nimwache kinda chini saa mbili tatu huku nikichungulia pazia. Paka hahitaji saa mbili.

MZEE: Paka naye ana riziki yake. Mama, shore hutaga mayai mawili, matatu, kisha hutaga tena. Kama wote wangeishi, tusingesikia hata adhana kwa kelele zao. Wengi hufa, ndivyo ilivyopangwa. Wewe unayemnyang'anya paka kinda leo, kesho unamnunulia dagaa sokoni. Dagaa hawakuwa na mama?

KIJANA: Kwa hesabu Mzee hakosei. Makinda wengi wa ndege wadogo hawaumalizi mwaka wao wa kwanza, hata msituni ambako hakuna paka wa kufugwa.

MIMI: Hapa ndipo ninapoachana na Mzee, ingawa katika mambo ya bustani yeye ni bingwa na mimi ni mtazamaji. Maneno ya kuiachia dunia iende yenyewe yana maana Sokoke. Katika bustani ya Nyali au Tudor, nani aliyeiacha dunia iende yenyewe? Paka tumemleta sisi, tunamlisha sisi, kwa hiyo idadi yake haipungui ndege wakipungua kama ambavyo ingepungua idadi ya ngawa. Kioo cha sebuleni tumekiweka sisi. Taa ya ukutani inawaka usiku kucha kwa amri yetu. Mimi swali langu la kwanza si kama ndege anateseka, maana hilo huwezi kulijua kwa kumtazama. Swali langu ni nani aliyemweka chini. Akiwa amewekwa na umri wake, sina kazi naye. Akiwa amewekwa na nyumba yangu, hilo ni deni.

MZEE: Maneno mazuri. Paka utamfanya nini?

DAKTARI: Umfungie ndani. Si maisha yake yote, ni zile siku chache kinda yuko chini, hasa alfajiri na magharibi. Na kinda umsogeze hatua chache tu, umpandishe kwenye kichaka kinene, mahali ambapo wazazi bado wanamsikia. Umeshamaliza. Lakini paka akiwa tayari amemtia mdomoni, mambo yanageuka. Hata usipoona damu. Meno ya paka ni membamba, tundu lake hujificha chini ya manyoya, na mdomoni mna vimelea, Pasteurella kwa jina, ambavyo humwingia ndege damuni na kumuua kwa siku moja au mbili. Watu huniambia, Daktari, alikuwa mzima kabisa, kesho yake amekufa. Alikuwa hajaanza kuumwa tu. Huyo anataka dawa siku hiyo hiyo, si kesho.

MAMA: Dirisha je? Sebuleni kwangu hujigonga. Puu, unamkuta kibarazani miguu juu.

DAKTARI: Huyo ndiye ambaye boksi lako la viatu lingemfaa, Mama. Litoboe matundu, tandika kitambaa, mfunike na giza, weka chumba kisicho na redio wala watoto. Maji hapana, chakula hapana, kumchungulia kila dakika hapana. Ubongo umetikisika, anachotaka ni giza na utulivu. Baada ya saa moja au mbili toa boksi nje, fungua kifuniko, rudi nyuma. Akiwa salama ataondoka mwenyewe. Akibaki, kichwa kimepinda upande mmoja au bawa linaning'inia, nipigie.

KIJANA: Na kioo chenyewe? Ndege haoni kioo, anaona mwembe wako uliomo ndani yake. Bandika vipande, chora, tundika nyuzi kwa nje, karibu karibu. Karatasi moja ya mwewe katikati ya dirisha haisaidii, anamkwepa mwewe anagonga pembeni yake.

MZEE: Mbona hamjauliza habari za minazi? Mnapoita watu wa kukata makuti makavu mnatazama nazi zisiwaangukie watoto. Kuna ndege mwembamba, mabawa kama mundu, analala na kulea kwenye kuti lililoning'inia. Kuti likishuka na yeye anashuka.

KIJANA: Teleka wa minazi. Huyo ana habari ya ajabu. Hubandika manyoya kwenye kuti kwa mate yake, kisha huyabandika mayai hapo hapo kwa mate, kwa sababu kuti linapopigwa na kusi yai lisiloshikizwa lingekwenda. Kinda naye hukaa wima akiwa ameshika kuti kwa kucha. Ukilikata kuti hilo huna pa kumrudisha, hakuna kiota cha kuinua. La kufanya ni kulifunga kuti lenyewe kwenye shina, wima, juu kadiri unavyofika, uombe wazazi wamwone.

MAMA: Na yule mkubwa? Nimepata kumwona mmoja chini, anapigapiga mabawa kwenye saruji, hainuki. Mwanangu akamrusha juu kama mpira ili apate upepo.

KIJANA: Akaanguka.

MAMA: Akaanguka.

KIJANA: Miguu ya teleka ni mifupi mno, imeumbwa kushikilia ukuta na majani, si kutembea. Akiwa chini tambarare, mabawa marefu yanagonga ardhi. Mara nyingi haumwi popote. Mpandishe kwenye kiganja kilicho wazi, inua mkono juu ya kichwa mahali peupe, ngoja. Atatetemeka kidogo, hiyo ni misuli inapata moto, kisha ataondoka. Asipoondoka, ana jeraha ambalo hulioni, na kumrusha kungemmaliza. Hawa si ndege wa kuja chini. Binamu yao wa Ulaya, anayekuja Afrika wakati wa baridi ya kwao, alifuatiliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, na mwaka 2016 wakaandika kwamba baadhi yao hukaa angani miezi 10 mfululizo. Wanakula huko, wanalala huko.

MIMI: Ukimkuta kiumbe wa namna hiyo kwenye saruji ya kibaraza chako, umempata mahali ambapo maisha yake yote yamepangwa asifike. Nakubali kwamba hapa hata Mzee humwokota.

MZEE: Humwokota. Sijawahi kusema nina moyo wa jiwe.

KIJANA: Kuna wengine huanguka kwa taa. Mwulizeni yeyote aliyekwenda Ngulia, Tsavo Magharibi, mwezi wa Novemba au Desemba. Usiku usio na mwezi, ukungu ukitanda kwenye mlima, ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia hupotea njia na kuvutwa na taa za hoteli iliyo kwenye ukingo. Hushuka kwa wingi mpaka vichakani mnajaa. Tangu 1969 wataalamu na wapenzi wa ndege hukusanyika huko kuwanasa kwa nyavu laini, kuwavisha pete na kuwaachia. Bustani yako si Ngulia, Mama, lakini taa yako ni taa. Ukimkuta asubuhi ndege usiyemjua, mnyonge, hana jeraha, huenda amesafiri usiku kucha. Mwache kwenye kivuli apumzike. Akiwa amekufa na ana pete mguuni, usiitupe. Iandike namba uipeleke kwenye makumbusho ya taifa, itasomwa.

MAMA: Hii elimu yote mnanipa, na bado sijaambiwa nimsaidie nani nimwache nani.

KIJANA: Basi ngoja nikuchanganye zaidi. Wakati mwingine utamwona shore anamlisha kinda mkubwa kuliko yeye, sura nyingine kabisa, kishungi kichwani. Usidhani amepotea. Kuna ndege asiyejenga nyumba, hutaga kwenye kiota cha shore akaenda zake, na shore hulea mtoto wa mwenzake.

MZEE: Makinda ya shore mwenyewe yanakosa chakula. Huyo mgeni nimtupe?

KIJANA: La. Wote wawili ni wa hapa, wamezoeana tangu zamani kuliko mji huu. Shore bado wapo.

MZEE: Na kurabu? Hilo ndilo nililokuwa nangojea. Mnamzungumza shore, mnamzungumza teleka, ndege wasiogombana na mtu. Chini ya mkungu alianguka kinda wa kurabu, mzima, mdomo wazi, wazazi wake wakinidonoa kichwa. Mama akasema nimpandishe. Nikamwambia ngazi ile pale.

KIJANA: Niko nawe, Mzee, na nasema hivyo nikiwa mpenda ndege. Kurabu, huyu kunguru mwenye shingo ya kijivu, si wa pwani hii. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 kutoka India ili asaidie kula taka za mji, akaenea hadi bara. Hula mayai na makinda ya wengine, akawafukuza minana na shore mijini. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa sumu, na idadi iliyotajwa ilikuwa milioni moja. Nimpandishe kinda wa kurabu leo ili kesho amle yule shore tuliyemfungia paka?

MAMA: Kinda yule hakuja na meli. Amezaliwa hapa, kwenye mkungu wangu. Mimi babu yangu alikuja na jahazi kutoka Shihiri, na mimi nimezaliwa hapa. Mtanipandisha au mtaniacha chini?

KIJANA: Mama, babu yako hakula watoto wa watu.

MAMA: Waliokuwapo wakati ule huenda walisema alikula. Sisemi kurabu ni mtu. Nasema mkianza kupanga nani mwenyeji nani mgeni, mnazoea.

MIMI: Sikutegemea jambo la kinda chini ya mkungu lifike Shihiri, ila limefika na sitalifuta. Maalim, umenyamaza sana.

MAALIM: Nilikuwa nawangoja mnitaje mkiwa mmechoka. Katika Sunan ya Abu Daud kuna kisa kinachojulikana: masahaba walikuwa safarini, wakachukua makinda wawili wa ndege mdogo, mama yao akaja akawa anatandaza mabawa. Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza nani aliyemtia ndege yule uchungu kwa sababu ya watoto wake, akaamuru warudishwe. Kwa hiyo Mzee, habari ya kumrudisha kinda kwa mama yake si ya mzungu wala ya gazeti. Na kunguru naye ametajwa. Yumo katika wale watano ambao hata aliye katika ihramu anaruhusiwa kuwaua kwa madhara yao: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mwenye kuuma.

MZEE: Nilijua.

MAALIM: Hujanisikia mpaka mwisho. Katika riwaya moja ya Muslim kunguru huyo amepewa sifa, mwenye mabaka.

KIJANA: Mwenye mabaka? Lakini hapa kwetu mwenye kifua cheupe ndiye mwenyeji! Kurabu hana mabaka, ana kijivu.

MAALIM: Ndiyo maana sitoi fatwa barazani. Ninalolijua kwa yakini ni hili: kuruhusiwa kuua si kuruhusiwa kutesa. Kinda aachwe juani saa sita, mdomo wazi, na watoto wa madrasa yangu wakimlenga kwa mawe, hilo halimo katika ruhusa yoyote niliyoisoma. Ama aachwe na wazazi wake pale alipo bila kuguswa, ama auliwe mara moja na anayejua kuua. Hakuna la tatu.

MIMI: Kwangu kurabu haendi juu. Sipandi ngazi kumrudisha ndege ambaye KWS walitangaza mpango wa kumpunguza kwa sumu, na sitampa chakula. Mawe pia sitayaruhusu. Mama ataninunia, na ana haki ya kuninunia.

DAKTARI: Maalim amelifungua jambo ambalo huwa linanikalia kooni. Analetwa shore, mfupa wa bawa umetoka nje, funza wameshaingia. Hataruka tena. Mimi ningemchoma sindano alale asiamke. Watu wananitazama kama muuaji.

MAALIM: Katika vitabu vya Shafi tunavyosomesha wapo wanazuoni waliokataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha na maumivu. Shore analiwa, mlango wake mpana zaidi. Bundi haliwi.

DAKTARI: Kwa hiyo kunguru mwenye madhara naweza kumpumzisha, na bundi asiyemdhuru mtu nimwache afe siku tatu?

MAALIM: Umeuliza swali gumu, Daktari, na sitakudanganya kwamba lina jibu jepesi. Wengine wanatazama rehema iko wapi. Mimi naogopa kumpa kila mtu kisu kwa jina la huruma.

DAKTARI: Na mimi naogopa maumivu ninayoyaona mezani.

(Hawakupatana hapo, na sikuwalazimisha.)

MZEE: Mmemtaja bundi. Huyo mimi simgusi. Kwetu akilia juu ya paa watu wanahesabu wagonjwa. Akikutwa chini, vijana wanamaliza kwa fimbo.

DAKTARI: Mzee, bundi aliyekaa chini mchana, amesinzia, hana nguvu, mara nyingi amekula panya, na panya amekula sumu uliyoiweka stoo. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na humpata aliyemla panya kama zilivyompata panya. Yule anayekulindia mihogo na mahindi umemwangusha mwenyewe, halafu unamwita mchawi. Ukimkuta, mtupie taulo nene, ushike miguu kwanza, kucha zake hutoboa kiganja. Kenya ina watu wa kazi hii, Kenya Bird of Prey Trust, wenye vituo Naivasha na Soysambu vya kutibu ndege wawindaji. Ni mbali na Mombasa, lakini KWS wanaweza kusaidia kumfikisha.

MAMA: Na nikimtunza mwenyewe? Nikamlea shore akakua, akawa anaimba dirishani?

DAKTARI: Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kumfuga mnyamapori nyumbani bila kibali, na shore ni mnyamapori hata akiwa mdogo kama ngumi. Achana na sheria. Kinda aliyelelewa na mtu hajui kumwogopa paka. Utamwachia siku moja, atatua begani kwa mtu asiyempenda. Kukaa naye ni usiku mmoja, mpaka apate nafuu au mtaalamu.

MZEE: Mimi niko na kuku nyumbani, nimpeleke huko alale nao?

DAKTARI: Hapo ndipo hasa usimpeleke. Kideri kinaweza kuingia bandani kwa njia hiyo, na homa ya mafua ya ndege vilevile. Ukikuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja, au wanatetemeka na kutoa mate, usiwashike kwa mikono mitupu, wala paka asiwale. Piga simu ofisi ya mifugo. Na hata huyu mmoja wa kawaida, ukishamshika, osha mikono kwa sabuni.

MAMA: Sasa nimeelewa kwa nini mnasema nimwache, ila sijakubali kwamba kumwacha ni rahisi. Kusimama nyuma ya pazia saa mbili na moyo unapiga ni kazi kuliko kumlowekea mkate.

MIMI: Ni kazi kubwa zaidi, Mama, na ndiyo aliyokuwa akiihitaji shore wako. Nimewasikiliza wote, na ninaegemea kwa Mzee katika mambo ya makinda wanaoshuka wenyewe, kwa Daktari katika kila kitu kilichoguswa na paka, kioo au sumu. Kwa hiyo ombi langu kwa wenye nyumba ni la kabla ya ndege kuanguka. Masika hii, mkiwaita vijana wa kukata makuti, kaeni chini ya mnazi kwanza robo saa mtazame kama kuna teleka anaingia na kutoka. Mkimwona, lile kuti moja liacheni mpaka makinda waondoke, na yaliyobaki kateni. Taa ya ukutani zimeni mkilala. Na paka, kwa siku zile chache, alale ndani.